Thamani ya Boti ya Jeti Iliyotumika

Bei ya boti ya jeti iliyotumika kwa kawaida hupangwa kwa kutazama vitu vinavyoonekana, kama vile rangi, viti na mng'aro wa injini, ilhali thamani yake halisi imejificha katika sehemu ambazo mnunuzi hazioni anapoizunguka boti ikiwa juu ya trela: pampu iliyofungwa kwenye tezi (yaani nyuma ya boti), matumbo ya injini, na mihimili iliyozikwa chini ya sakafu. Ndiyo maana boti mbili zilizotoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja zinaweza kutangazwa kwa bei ileile, kumbe moja inahitaji petroli na betri tu ili iingie majini, na nyingine inahitaji matengenezo yatakayogharimu kuliko bei ya kuinunulia. Hasara ya namna hiyo inaepukika, kwa kuwa mtambo wa jeti una njia ya kueleza hali yake kwa tarakimu, mradi mnunuzi ajue ni tarakimu zipi za kutafuta na awe tayari kutumia nusu siku kuzitafuta.

Boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia chini yake. Injini huzungusha pampu iliyomo ndani ya boti, na pampu hiyo huvuta maji kupitia mdomo ulio sakafuni, huyasukuma kwa nguvu, kisha huyarusha nyuma kupitia nozeli, yaani bomba linalobanwa mwishoni ili maji yatoke kwa kasi kubwa zaidi, na ni kurushwa huko kwa maji kunakoisukuma boti mbele. Mtu aliyeufanya mtambo huu ufae kwa matumizi ya kawaida ni William Hamilton, mfugaji na mhandisi wa New Zealand aliyezaliwa mwaka 1899, ambaye katika shamba lake la Irishman Creek, kwenye Kisiwa cha Kusini, alitafuta chombo cha kupanda mito yenye maji machache na changarawe nyingi, ambamo rafadha isingedumu. Majaribio yake ya mwanzo, katika miaka ya 1950, yaliyatoa maji chini ya boti na kuipa kasi ndogo tu. Alipoihamishia nozeli juu kidogo ya usawa wa maji, kasi ilipanda hadi takriban kilomita 27 kwa saa. Mwaka 1960 boti za aina hiyo ziliupanda Mto Colorado kupitia bonde la Grand Canyon, mwaka 1974 zilikuwamo katika msafara wa John Blashford-Snell kwenye Mto Kongo, ambao wakati huo uliitwa Zaire, na mwaka 1977 Edmund Hillary alizitumia kuupanda Mto Ganges kutoka baharini kuelekea milima ya Himalaya.

Soko la leo la boti zilizotumika lina matabaka matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa wakati wa kulinganisha bei. La kwanza ni boti za alumini za mitoni, zinazopatikana zaidi New Zealand na katika majimbo ya Marekani kama Idaho, ambazo nyingi hutumia mitambo ya Hamilton. La pili ni boti za faibaglasi zilizoundwa California, hasa katika miaka ya 1970, zenye pampu za Berkeley na injini kubwa za magari zenye silinda nane. La tatu ni boti za burudani zenye injini ndogo za kasi, kama zile za Yamaha na Sea-Doo, ambazo kwa uhandisi wake ni ndugu wa pikipiki za majini. Boti ya tabaka la kwanza huchakazwa na mawe, ya pili huchakazwa na umri na mikono ya mafundi wengi, na ya tatu huchakazwa na saa za kazi.

Ukaguzi wenye faida huanzia kwenye pampu, kwa sababu huko ndiko boti ya jeti inakotofautiana na boti nyingine zote. Ndani ya pampu mna impela, yaani gurudumu lenye mapezi linalozungushwa na shafti kutoka kwenye injini, na impela hiyo huzunguka ndani ya pete ambayo imewekwa makusudi ili ilike yenyewe badala ya kuliwa kwa ganda la pampu. Mwanya uliopo kati ya ncha za impela na pete hiyo ndio uhai wa mtambo. Ukiwa mpya, mwanya huo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Mchanga unapopita ndani yake msimu baada ya msimu huupanua, na unapokaribia milimita moja, sehemu ya maji yaliyokwisha kusukumwa hurudi nyuma kupitia humo, hivyo injini hufanya kazi ya kuyazungusha maji palepale. Mnunuzi haruhusiwi na busara kulikisia jambo hili. Anapaswa kulala chini ya trela akiwa na tochi, au kufungua kidirisha cha ukaguzi ikiwa pampu inacho, kisha apitishe fila geji, yaani vile vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi hupimia mianya ya plagi na valvu, katika pande nne za impela. Vipimo vinne vinavyolingana na kuwa vikubwa vinaonyesha uchakavu wa kawaida, ambao tiba yake ni kubadilisha pete. Vipimo vinavyotofautiana sana, upande mmoja mwembamba na wa pili mpana, vinaonyesha kwamba shafti imepinda au beringi imelegea, na gharama ya hapo ni ya daraja jingine kabisa.

Tochi hiyohiyo itaonyesha makali ya mapezi. Makali yaliyodokolewa na mawe madogo yanaweza kuchongwa na kunyooshwa, lakini pezi lenye ufa, au lililoongezwa chuma kwa kulehemu bila kusawazishwa uzito, litatikisa shafti nzima. Impela hutengenezwa kwa alumini, kwa shaba nyeusi au kwa chuma kisichoshika kutu, na tofauti ya bei kati ya ile ya alumini na ile ya chuma kisichoshika kutu ni kubwa kiasi cha kustahili kuingizwa kwenye mapatano. Ikiwa boti imetumika baharini, alumini ya pampu ichunguzwe kama ina vishimo na unga mweupe, na vipande vya zinki vinavyofungwa ili vilike badala ya pampu vitazamwe pia: vikiwa vimekwisha kabisa, chumvi imekuwa ikiila pampu yenyewe. Mwisho, shafti ishikwe kwa mkono, izungushwe na kusukumwa mbele na nyuma. Msukumo wote unaoiendesha boti hupitia beringi moja inayozuia shafti isisogee kwenda mbele, na beringi hiyo ikikwaruza au ikichezacheza, hakuna sehemu nyingine ya mtambo itakayodumu.

Hata hivyo ukaguzi wa nchi kavu, hata ufanywe kwa uangalifu gani, hauwezi kusema kama injini bado ina nguvu zake, na hapa ndipo pampu inapomsaidia mnunuzi kwa namna ambayo rafadha haiwezi kumsaidia kwa urahisi. Nguvu inayohitajika kuizungusha impela fulani hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya mzunguko, maana yake ni kwamba ili impela izunguke mara mbili kwa kasi, injini inapaswa kutoa nguvu mara nane. Kwa kuwa impela imejaa maji daima na haitegemei sana kasi ya boti, idadi ya mizunguko ambayo injini inaifikia mafuta yakifunguliwa hadi mwisho ni kipimo cha nguvu ya injini. Pampu, kwa maneno mengine, ni mizani ambayo injini imefungwa juu yake muda wote. Ikiwa boti yenye injini ya nguvu za farasi 300 ilipaswa kufikia mizunguko 4,000 kwa dakika, na siku ya majaribio ikaishia 3,600, upungufu unaonekana kuwa mdogo wa asilimia 10, lakini hesabu ya kipeo cha tatu inaonyesha kwamba injini inatoa takriban nguvu za farasi 219 tu, yaani zaidi ya robo ya nguvu zake imepotea. Muuzaji anayesema kwamba mizunguko 400 si kitu huenda anasema kwa nia njema, lakini anakosea.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile na huwapumbaza wengi zaidi, kwa sababu sauti yake inapendeza. Injini inayopita mizunguko iliyotarajiwa, huku boti ikienda polepole, haina nguvu za ziada. Pampu ndiyo isiyoshika maji. Sababu inaweza kuwa ule mwanya uliopanuka, hewa inayoingia kupitia maungio ya mdomo wa pampu, majani yaliyokwama kwenye nondo za mdomoni, au mipovu ya mvuke inayotokea pale shinikizo la maji linaposhuka mno kwenye mapezi, ambayo ikipasuka hula chuma kidogo kidogo. Baadhi ya sababu hizo huondolewa kwa dakika chache na nyingine hugharimu pampu nzima, kwa hiyo majani na nondo vichunguzwe kwanza kabla hukumu haijatolewa.

Ili tarakimu hizi ziaminike, mnunuzi aende na saa yake ya kupimia mizunguko, kwa kuwa geji za boti za zamani hudanganya, na kasi ipimwe kwa setilaiti, kwenda na kurudi kwenye sehemu ileile ya mto, kisha wastani uchukuliwe ili nguvu ya mkondo isihesabiwe kuwa ya boti. Ajue pia ukubwa wa impela iliyomo. Pampu za Berkeley, kwa mfano, hutambua ukubwa wa impela kwa herufi, AA ikiwa kubwa zaidi, ikifuatwa na A, B na C. Mmiliki wa injini iliyochoka anaweza kufunga impela iliyopunguzwa, ambayo ni nyepesi kuzungusha, na hivyo kurudisha mizunguko mizuri kwenye geji bila kurudisha nguvu hata kidogo. Jambo la mwisho ni mwinuko wa mahali. Injini ya petroli isiyo na kifaa cha kushindilia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo boti iliyofikia mizunguko 4,000 pwani itaishia takriban 3,850 kwenye Ziwa Viktoria, lililo katika mwinuko wa mita 1,134, bila injini kuwa na kasoro yoyote.

Injini yenyewe ikaguliwe ikiwa baridi, kabla mwenyewe hajaipasha moto, kwa sababu injini yenye hitilafu huificha vizuri ikishapata joto. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Plagi zote zitolewe na mgandamizo wa kila silinda upimwe, na kinachotazamwa hapo si ukubwa wa tarakimu pekee bali ni kulingana kwake: silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, injini hiyo inaelekea kufunguliwa. Katika nchi zenye baridi kali mna hatari ambayo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana sababu ya kuifikiria, nayo ni kupasuka kwa injini kulikosababishwa na barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na boti iliyoachwa na maji ndani ya injini usiku mmoja tu wa baridi huweza kupasuka ganda la injini kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Kwa hiyo mtu anayenunua kutoka Idaho, Canada au Kisiwa cha Kusini cha New Zealand aulize boti ilihifadhiwa vipi msimu wa baridi, na achunguze mistari ya kutu au rangi mpya isiyo na sababu kwenye pande za injini.

Linalohusu uhai wa watu ni vifaa vinavyoizunguka injini hiyo. Boti nyingi za California zina injini zilizoundwa kwa ajili ya magari, na hilo si kosa lenyewe. Kosa ni kufunga juu yake stata, alteneta, kabureta na pampu ya mafuta za gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na ndani ya boti hutuama ngamani, yaani katika shimo la chini kabisa la chombo, ambako hakuna upepo wa kuuondoa kama unavyoondolewa chini ya boneti ya gari. Vifaa vya majini hufungwa ili cheche zisitoke nje, na pampu zake za mafuta huwa na kiwambo cha pili cha kuzuia petroli isimwagike endapo cha kwanza kitapasuka. Boti yenye vifaa vya gari, au isiyo na feni ya kutoa mvuke ambayo huwashwa kwa dakika nne kabla ya injini, haifai kuwashwa na watu wakiwamo, na gharama ya kubadilisha vifaa hivyo vyote itolewe kwenye bei bila kuona haya.

Muuzaji akitaka kuiwasha injini nchi kavu kwa dakika moja au mbili kwa kutumia mpira wa maji, utaratibu wake unaeleza mengi kumhusu. Katika mitambo mingi ya jeti injini huwashwa kwanza ndipo maji yafunguliwe, na wakati wa kuzima maji hufungwa kwanza ndipo injini izimwe, kwa sababu maji yakiingia injini ikiwa imesimama yanaweza kurudi kupitia ekzosi hadi kwenye silinda. Mwenye boti asiyejua mpangilio huo amekwisha kuonyesha jinsi alivyoitunza.

Kuhusu mwili wa boti, alumini ni rahisi kuisoma kuliko faibaglasi. Mabonyeo ya mawe chini ya boti ya mtoni ni dalili za kazi wala si kasoro, lakini nyufa kwenye mistari ya kulehemu, hasa kuzunguka mdomo wa pampu, na viraka vilivyolehemiwa juu ya viraka, ni dalili kwamba bati limechoka. Faibaglasi hung'aa hata ikiwa imeoza ndani. Watengenezaji wa zamani walizika mbao ndani ya mihimili inayobeba injini na ndani ya ukuta wa tezi, na kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri liliyaruhusu maji kuingia kwenye mbao hizo. Mkaguzi agonge taratibu kwa nyundo ya plastiki kutoka omo hadi tezi: sehemu nzima hutoa sauti kavu na kali, iliyooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Boliti za injini zinazozunguka bila kukaza zinathibitisha hukumu hiyo. Ukarabati wa mihimili hulazimu kutoa injini, pampu na sakafu yote, na kwa boti ya thamani ya kawaida kazi hiyo hailipi.

Usukani na kigeuzi, yaani kile kifuniko kinachoshuka nyuma ya nozeli na kuyaelekeza maji mbele ili boti irudi nyuma, vijaribiwe majini kwa kasi ndogo. Trela nayo itazamwe beringi, breki na tairi, kwani wengi hununua boti nzima na kulala njiani kwa sababu ya trela mbovu.

Nyaraka hutofautiana kwa nchi. Marekani, boti zilizoundwa tangu Novemba 1972 hubeba namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, ambayo lazima ilingane na hati ya umiliki, na namba iliyokwaruzwa ni sababu tosha ya kuondoka. New Zealand haina daftari la jumla la umiliki wa boti za burudani, hivyo mnunuzi hutegemea daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililoanza mwaka 2002, ili kujua kama boti imewekwa rehani kwa mkopo ambao haujalipwa.

Vitabu vya bei vipo, na kile cha BUC kinachotolewa Marekani kinaheshimiwa na mabenki na makampuni ya bima, lakini kitabu huizungumzia boti ya wastani na hakijawahi kutazama ndani ya pampu yoyote. Njia iliyo thabiti zaidi ni kuchukua bei ambayo boti nzima ya tabaka hilohilo imeuzwa kweli, si bei iliyotangazwa, kisha kutoa gharama ya kila kasoro iliyopatikana kwa bei ya fundi wa eneo hilo pamoja na vipuri. Risiti za muuzaji zisiongezwe juu. Fedha aliyoitumia kwenye mabomba ya kromu haimnufaishi mnunuzi, na injini iliyoongezwa mgandamizo mkubwa kwa ajili ya mashindano inaweza hata kupunguza thamani, kwa kuwa petroli ya kawaida huiharibu na ile inayoifaa ni ghali na haipatikani kila kituo. Upatikanaji wa vipuri nao una bei yake: kampuni ya BRP iliacha kuunda boti za burudani za Sea-Doo mwaka 2012 na ilirudi sokoni baadaye kwa muundo tofauti, kwa hiyo anayenunua boti ya zamani ya jina hilo ahakikishe kwanza vipuri vya injini ileile bado vinauzwa.

Baada ya hesabu hizo zote hubaki swali la muuzaji ambaye ana maelezo mazuri, picha nyingi na risiti, lakini hakubali boti ishushwe majini, akidai betri imekufa, mto umejaa au muda hautoshi. Boti ya namna hiyo isihesabiwe kuwa na injini wala pampu. Ilipiwe thamani ya ganda na trela tu, na muuzaji akikataa, iachwe.